Kristo wa Rio Nyuma ya Wingu

Mama alitaka picha moja tu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba presha ya macho itammalizia nuru, naye akasema kabla haijaisha anione nimesimama chini ya sanamu ya Kristo ya Rio, ile iliyo kwenye kalenda ukutani kwetu Kibosho. Mimi, mhitimu nisiye na kazi, nilikuwa nimealikwa Brazili kwenye mkutano wa vijana wakulima wa kahawa, na siku ya mwisho ilikuwa huru.

Wiki tatu kabla ya safari niliipanga siku hiyo kwenye daftari, nikafuta, nikapanga upya. Saa mbili asubuhi sanamu, saa tano ngazi za vigae, saa nane mlima wanaouita Mkate wa Sukari, saa kumi na mbili uwanja wa ndege. Sanamu niliitanguliza kwa sababu marehemu baba, aliyepandisha wageni mlimani maisha yake yote, alitufundisha kwamba Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hujionyesha asubuhi, kisha hujifunika. Niliamini milima yote ina tabia hiyo.

Rio, alfajiri ya siku hiyo, mwenyeji wangu Dona Célia alichungulia dirishani na kikombe mkononi.

"Mwanangu, huko juu kumefunga. Nenda mchana."

"Nimeshapanga, mama."

"Umepanga na nani? Na wingu?"

Saa mbili na robo treni ndogo ilitufikisha kileleni. Niliona msingi wa sanamu tu. Juu yake weupe mtupu. Nikamwomba mtalii mmoja anipige picha hivyo hivyo. Wengine waliketi kwenye ngazi, wakafungua mikate, wakangoja. Mimi nilikuwa nahesabu foleni na saa za ndege. Kabla ya saa nne nikashuka.

Saa nane na nusu, juu ya Mkate wa Sukari, anga ilikuwa buluu kabisa. Kristo alionekana ng'ambo ya mji, mdogo kama msumari. Kwenye simu akawa nukta. Kurudi kule hakukuwa na muda tena.

Kibosho, siku mbili baadaye, nilimkuta mama akimenya ndizi za mtori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Prosper. Lete."

Akaisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua.

"Wewe nakuona. Yeye yuko wapi?"

"Nyuma yangu. Palikuwa na wingu."

"Halikuondoka?"

"Liliondoka mchana."

"Na wewe?"

Nikamweleza ratiba, na ule usemi wa baba. Akanirudishia simu, akachukua kisu chake.

"Baba yako alisema asubuhi, kweli. Lakini Kibo ikifunga aliwakalisha wageni chini, akawapa chai, wakangoja. Hilo hukulisikia?"

Nililisikia, tena mara nyingi. Ila kungoja sikujua nikuandike saa ngapi kwenye daftari. Kwamba kungoja nako kunahitaji nafasi yake, hicho ndicho nilichojifunza Rio, na mama hakimsaidii. Sasa hata kalenda haioni. Jana aliniomba nimsimulie sanamu ilivyo ukiwa chini yake, nami sikuwa na la kumsimulia ila wingu.