Sauti Isiyodaiwa Shikamoo

Niliporudi Kilosa na stashahada yangu, walisema sitaweza. Walisema waziwazi, maana wapo wanaodhani asiyeona pia hasikii. "Kipofu achape barua za watu?" alisema dereva mmoja kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na soko. "Ataandika nini, ndoto?" Wenzake wakacheka. Mjomba wangu alisema kwa upole zaidi, na kwa hiyo iliuma zaidi: "Mpwa wangu, stashahada haina macho. Kaa nyumbani. Ugali upo."

Ugali ulikuwepo kweli. Lakini mimi nilijisomesha Dar es Salaam kwa kuuza vocha za simu langoni mwa chuo, kati ya kipindi na kipindi, na sikuyafanya yale ili nirudi kulishwa. Nilitaka kuchapa barua ya mtu, ikatoka kwenye mashine ikaenda mkononi mwake bila mwenye macho kuipitia kwanza. Hilo tu.

Mama mmoja fundi cherehani aliniazima pembe ya chumba chake cha kazi, pembe yenye soketi ya umeme. Dada yangu aliniazima macho. Kila jioni alipita kukagua nilichochapa, akanionyesha makosa, nikarekebisha. Siku asipokuja, kazi za wateja zililala. Nilikuwa na ofisi, lakini ufunguo wake alikuwa nao dada.

Wakati huo kompyuta yangu ilisoma skrini kwa sauti ya kisasa, sauti ya msichana. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kabisa, na mwishoni mwa sentensi alishuka taratibu kama mtangazaji. Niliiringia. Niliiachia kwa sauti kubwa ili wale wa kijiweni wasikie.

Asubuhi moja aliingia mzee kutoka Lumuma, anataka barua kuhusu shamba lake. Nilisikia fimbo, nikamwamkia. Akaitikia, kisha akabaki amesimama, na kompyuta inaendelea kusoma.

"Na huyu binti?" akauliza.

"Binti gani, mzee wangu?"

"Huyu anayesoma huko. Mtu mzima ameingia, yeye wala hana habari. Shikamoo hana! Amelelewa wapi?"

Fundi alicheka mpaka cherehani ikasimama. Nikamweleza mzee kwamba ile ni mashine.

"Mashine?" Akafikiri. "Basi ifundishe adabu. Na mambo yangu ya shamba siyasemi mbele yake." Akaenda kwenye stesheneri nyingine.

Nilicheka na mimi. Baadaye, nikiwa peke yangu, kicheko kiliisha na neno la mzee likabaki. Hakuwa mjinga. Sauti iliyojifanya mtu, yeye aliidai anachomdai mtu yeyote. Mimi pia nilikuwa nimeichukulia kama mtu, ila kosa langu lilikuwa baya zaidi: niliiamini. Ilisoma kwa mtiririko mtamu mno hata herufi niliyoiruka ikapita bila kunigusa. Tena nikibonyeza kitufe, ilijivuta kwanza kabla ya kujibu. Nilikuwa nasikiliza kama anayesimuliwa hadithi, na kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele.

Nikakumbuka mzee mmoja asiyeona, mpokea simu mstaafu anayeishi Mikumi. Nilipokuwa shule ya msingi alikuja kutuonyesha kisanduku kinachoongea, unachokichomeka kwenye kompyuta kikakusomea maandishi. Nikapanda basi nikamfuata.

Kisanduku kilikuwa bado mezani kwake, kimechomekwa kwenye kompyuta kuukuu, kizito kama tofali, kina spika yake na kitufe cha kuzungusha. Alikiwasha. Ikatoka sauti ya mwanamume anayeongea ndani ya bomba.

"Hii ina mafua," nikasema.

"Ina mafua tangu sijaota mvi," akajibu. "Bonyeza herufi."

Nikabonyeza. Kabla sijainua kidole, herufi ilikwishatajwa. Nikabonyeza haraka, nayo haraka, haikubaki nyuma hata kidogo. Nikaandika neno lenye kosa makusudi. Likanikwaruza sikio kama jiwe kwenye wali.

"Kiswahili haikijui," mzee akasema. "Nimeiweka Kihispania, irabu zao zinafanana na zetu. Ila h inaimeza, na j inaigeuza h. Vijana mnataka sauti nzuri. Sauti nzuri ni ya kusikilizia taarifa ya habari."

"Unaniuzia, mzee?"

"Siuzi. Nakuazima. Ukipata chako, nirudishie hiki, maana nyumba hii sasa itakuwa kimya."

Tundu la waya wake halikuwepo kwenye kompyuta yangu, nikasafiri hadi Morogoro kutafuta waya wa kuunganisha. Kisha nikaandika kamusi ndogo ya matamshi ndani ya programu ya kusoma skrini, neno kwa neno, mpaka kisanduku kikatamka h na j kama watu wa kwetu. Sijasikia mwingine wilayani aliyefanya hivyo, na sioni haya kusema.

Siku chache baadaye dada alikaa na kurasa zangu. Nikasikia anazigeuza, anazirudia.

"Leo umenipokonya kazi," akasema.

"Kaa unywe chai, dada. Macho yako nimekurudishia."

Nadhani alikuwa analia kidogo, lakini kulia kimya ni jambo ambalo hata masikio yangu hayana uhakika nalo.

Yule mzee wa Lumuma alirudi. Nilichomoa vipokea sauti vya masikioni, nikamsikilizisha kisanduku. "Eeh," akasema, "hii sasa ni mashine," akavuta kiti, akanieleza mambo yake yote ya shamba. Mjomba naye alileta barua yake. Nilimchapia, wala sikumkumbusha ugali.

Nilipopata chumba changu mwenyewe, nilimrudishia fundi pembe yake. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, hivyo katiba ya kikundi chao cha akina mama niliiingiza kwenye kompyuta, kisanduku kikamsomea yote huku anapinda nguo.

Ikabaki Mikumi. Nilitafuta Dar es Salaam kwa wauza vitu vya zamani mpaka nikapata kisanduku kingine cha aina ile ile. Nikamrudishia mzee chake, pamoja na kompyuta niliyoifufua kwa mikono yangu, yenye kamusi yangu ndani.

Nilifunga waya, nikawasha, nikakaa pembeni.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana katika pilikapilika nilikuwa nimesahau kumwamkia.

Nilisikia vidole vyake vikitafuta vitufe, polepole, kama vya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuvigusa. Kisha ile sauti yenye mafua ikasema, na h yake ikasikika yote:

"Marahaba."