Mkufu wa Venisi ulionunuliwa Doha

Leo nimekiri, na nimechelewa.

Binti yangu Rukia, ninayeishi kwake hapa Doha, alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mtaa wa The Pearl, penye mifereji na madaraja ya kuiga Venisi. Alikuwa amevaa mkufu wa shanga za kioo wa marehemu mama yake, ule wa kutoka Venisi.

"Baba, leo nimeurudisha kwao!" akacheka.

Daktari ameshaniambia sina muda mrefu. Nikaona niseme.

"Huo sikuununua Venisi. Kule nilimnunulia mwanamke mwingine. Mama yako nilimkumbuka uwanja wa ndege wa hapahapa Doha, nikisubiri kuunganisha safari."

Jamani, mke wangu aliuvaa kila harusi, miaka ishirini, akiwatambia wenzake: "Mume wangu kanichagulia Venisi!"

Nilitegemea Rukia alie. Hakulia.

"Mama alijua, Baba. Kibandiko cha duka la Doha kilikuwa chini ya kisanduku. Alikibandua mwenyewe, mawifi wasije wakakiona."

Miaka yote nilijiona mjanja. Kumbe alikuwa ananisitiri.

Nyie mnaojua, niambieni: aliyekwishazikwa anaombwaje radhi?