Gereji ya Gia Tano

Walimwita Gia Tano kwa sababu aliendesha malori maisha yake yote, na hata kwa miguu alitembea kama mtu anayewahi kushusha mzigo. Macho yalipoanza kumchezea, daktari akamkataza usukani. Akauza gari lake, gereji ikabaki tupu. Akaipiga plasta, akatandika zulia, akaingiza kochi na piano ya mtumba, maana tangu ujana alitamani kujifunza lakini hakuwahi kupata nafasi.

Mpwa wake, binti aliyekuwa fundi wa viyoyozi, akamfungia mashine ya ukutani, ile inayopoza wakati wa joto na kupasha joto wakati wa baridi.

Gia Tano aliingia humo mara chache kwa wiki. Akifika, anabonyeza rimoti hadi nyuzi thelathini. Akitoka, anazima kabisa. Baridi ilipokolea, ukungu ukajitokeza nyuma ya kochi, na vibao vya piano vikaanza kunata, ukivibonyeza havirudi. Bili ya umeme ilipokuja, mkewe aliisoma kwa sauti.

"Chumba chako kinakula kuliko sisi wawili, baba. Na wimbo wenyewe hata sijausikia."

Mpwa akaitwa. Alipoiona ile thelathini, akacheka.

"Mjomba, ya nini yote hii?"

"Nataka kipate joto haraka."

"Hakipati joto haraka zaidi kwa hivyo. Mashine inapitiliza tu kiwango unachotaka. Wewe ulikuwa unapanda mlima na mzigo huku umekanyaga mafuta mpaka mwisho?"

"Ningeua injini!"

"Haya basi."

Akamwekea kumi na tisa akiwa ndani na kumi na mbili asipokuwepo, ianze kupasha muda mfupi kabla hajaingia. "Kingekuwa na kochi peke yake, ningesema uzime kabisa ukitoka," alisema. "Ila piano haipendi kushtuliwa mara na baridi, mara na joto." Akachomoa vichujio vilivyojaa vumbi, akaviosha, kisha akabandika mpira chini ya mlango mkubwa, mahali upepo ulipokuwa ukijipitia utakavyo.

Gia Tano alinuna. Siku za mwanzo mkono ulimwasha, hadi mkewe akaificha rimoti kwenye kikapu chake cha kufumia. Lakini polepole ukuta ukakauka, vibao vikalegea, na bili iliyofuata mkewe aliikunja kimya kimya, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa.

Alasiri moja mkewe akaja na kikapu chake, akajitupa kwenye kochi.

"Nimefuata joto, si wewe."

"Karibu joto, mama."

Akaendelea kupapasa vibao kwa vidole vizito vya dereva. Mkewe akaacha kufuma. Ulikuwa wimbo aliowabembelezea watoto wao usingizi, miaka ile mume akiwa barabarani.

"Umeujulia wapi?"

"Ulikuwa ukiuimba jikoni hata watoto walipokua. Nilikuwa nasikiliza."

Mkewe akajifuta pua kwa ncha ya sweta aliyokuwa akiifuma.

"Hapo katikati umekosea," akasema. "Unapanda, haushuki."

Akaimba kipande kile taratibu. Gia Tano akakitafuta, akakikosa, akakitafuta tena. Alipokipata, mkewe alisogea kutoka kwenye kochi, akamwambia ajibane kidogo, akaketi naye kwenye kiti cha piano.