Silinda ya Breki ya Mjomba

Nyinyi vijana, mkinyimwa kitu msikimbilie kununa. Juzi nilimkuta mjukuu wangu Awuor kwenye stoo ya spea anayoisimamia siku hizi, akimwambia fundi dirishani, "Leta ya zamani kwanza, boss." Ni kama nilimsikia marehemu baba.

Baba alitunza spea kwenye gereji moja Kawangware. Alasiri moja nilikuwa nimekaa karibu naye, nanusa grisi na mpira mpya, mjomba wangu, dereva wa basi la shule, akaja kutaka silinda ya breki. Baba akakataa mpaka aione iliyoharibika.

"Hata mimi, shemeji? Si nilikupa dada yangu?"

"Dada yako hafungwi kwenye gurudumu."

Mafundi wakacheka. Mjomba akaenda kwa miguu hadi Gatina, basi lilikokwama, kuifungua ile mbovu, jua linawaka, nami nikaamini baba anamchukia. Aliporudi, baba akaiweka ile mbovu kando ya mpya. Ile aliyoitaka mjomba ilikuwa ndogo. Breki zisingeshika, na watoto wamejaa ndani. Baba akatoa nyingine mpya, kubwa kama ile mbovu, mjomba akaipokea kwa mikono miwili.

Nilipotoka kwa Awuor niliita nyumba yote nikasema: mtu asimpigie simu kazini ati yeye ni jamaa. Aende apange laini.