Samaki Wenye Alama

Kazi yangu ilianza na swali lililowachosha watu. Mbona sato wa ziwani anajaza sahani, lakini ukimleta kwenye mabwawa ya vilima vyetu anabaki saizi ya kiganja? Baba alisema Mungu ndiye aliyepanga. Mwalimu wangu chuoni alisema ni baridi. Nikamuuliza: kama ni baridi, mbona katika kila bwawa wapo wachache wanaokua? Akaniambia nikatafute mwenyewe.

Nilikwenda kutafuta huko Muyinga, kwenye shamba moja la vifaranga vya samaki. Kila mavuno niliwatenga waliokua haraka, wakazaliana, kisha nikatenga tena wakubwa kati ya watoto wao. Wale niliowachagua kuwa wazazi niliwakata ncha ya pezi la tumboni, upande wa kushoto, ili niwatambue. Shangazi yangu anayekaa Musinzira hakuchoka kunicheka.

"We muganga ya samaki, zikigonjwa homa unaziweka kipimo wapi?"

"Chini ya ulimi, shangazi."

"Na sisi watu, atatutibu nani?"



Shamba lilipofungwa, niliwabeba wale wazazi kwenye madumu hadi nyumbani Itaba, kwenye bwawa alilochimba baba bondeni tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania. Nilimwonyesha alama.

"Hawa ni wangu, baba. Usiwauze, usimpe mtu."

"Nimesikia."

Na kweli alisikia. Mchuuzi alitoka Giheta akiwataka kwa bei nzuri, baba akamrudisha mikono mitupu.

Kisha nikapata nafasi ya kuendelea na masomo Tanzania, kwa utafiti wa samaki haohao. Mpango wote niliouandika uliwategemea wao. Nilipompigia baba simu, akasema, "Njoo Jumapili tumshukuru Mungu."

Nilikuta majirani kwenye mabenchi, sala imekwisha, shangazi anagawa Fanta. Baba, ambaye sijawahi kumwona akibeba chakula, alikuja na sinia mwenyewe. Samaki wazima wa kukaanga, wakubwa, mikia imepita ukingo wa sinia. Nilijivuna mpaka alipoliweka mezani. Hapo nikaliona pezi la kushoto, halina ncha.

"Umevua wangapi, baba?"

"Wale wako wote." Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, kimechomwa na mwiba wa pezi la mgongoni. "Nimesimama kwenye tope tangu alfajiri. Mwenye pezi zima, namrudisha majini. Ulisema hawa ni wako. Siku yako ikifika niwalishe watu samaki wa nani?"

Watu wakapiga makofi. Shangazi akachukua kipande, akatafuna, akanigeukia.

"Leo nimekubali, we ni muganga. Samaki iko na mwili kama mbuzi."

Watoto wao, kama wamo bwawani, wamekwisha kuchanganyika na wengine. Hakuna jicho linaloweza kuwatenga tena. Miaka yangu ya Muyinga ilikuwa juu ya lile sinia, na watu walikuwa wanatema miiba yake. Nilimtafutia baba kosa. Mimi hukosoa hata mahubiri. Sikulipata. Hakuuza, hakumpa mtu, aliwatunza mpaka siku yangu.

Mama, upande wa pili wa meza, aliniangalia, akaacha kutafuna.

"Mbona huli?" baba akauliza.

"Nakula."

"Mtu wa maswali leo kanyamaza." Majirani wakacheka. "Au hawajaiva?"

"Wameiva, baba. Watamu."

Akafurahi. Akainama juu ya sinia, akachagua mkubwa kuliko wote waliobaki, akaniwekea kwenye sahani, ubavu wa kushoto ukiwa juu.