Mkono wa Mama Ulipofika

Nyumba yetu ya Gesima ina sakafu ya udongo, na mume wangu anataka kuimwagia simiti. Mchanga umeshateremshwa nje. Nimemwambia amwage popote anapotaka, lakini hapo mlangoni asiguse. Anasema nimeanza tena. Ndiyo, nimeanza tena.

Miaka minne nilipika jikoni kwa mama mkwe. Ukipikia kwa mtu unajikuta unaomba chumvi uliyoinunua mwenyewe. Sina ugomvi na yule mama, alinishikia mtoto nikienda kuchuma majani chai, lakini kila nilipoipua sufuria aliuliza, "Hiyo mboga imeiva kweli, ama una haraka?" Nilikuwa na haraka. Ya kwenda kwangu.

Nguzo za nyumba yetu ziliposimama kule chini, nilianza kujitayarisha. Kila asubuhi kabla ya kuchuma nilipita hapo na msichana wangu, tukaketi chini ndani ya kuta ambazo hazijakauka. Nilijua jua linaingia wapi na mvua inarukia upande gani. Nikamwonyesha mtoto: hapa sahani yako, hapa jiko letu.

"Na nyanya atakaa wapi?" akaniuliza.

Alimaanisha mama yangu mzazi, anayeishi ng'ambo ya mji wa Kisii. Mama ndiye huitwa mtu akitaka sakafu ikandikwe vizuri. Anachanganya mavi mabichi ya ng'ombe na jivu na udongo wa kijivu anaochimba kando ya kijito, kisha anavuta kwa vidole, nusu duara baada ya nusu duara, mpaka chumba kizima kinaonekana kama kimefumwa. Nimelala juu ya sakafu hiyo utoto wangu wote. Nikiwa kwa mama mkwe, usiku wa baridi, nilitamani hata ile harufu yake.

Lakini mama hakuwa amewahi kuona ninapoishi. Nilitoka kwetu na mimba na mfuko mmoja wa nguo, mtihani wa kidato cha nne ukiwa umeisha juzi, na huwezi kumwita mama mtu aje kukuona ukiwa hivyo. Halafu kuna ile heshima ya wakwe, kwetu tunaiita chinsoni. Mama haingii pale ambapo binti yake na mkwe wake wana kitanda. Kitanda kikishaingia, mguu wake hauvuki mlango. Nyumba tupu, hata hivyo, ni kuta tu. Anaweza kuingia, akazunguka, akakandika kila kona.

Kwa hivyo tulipanga kwa simu. "Usiingize kitanda," mama aliniambia. "Hata godoro. Hata blanketi ya mtoto. Nitakuja Jumapili." Jumamosi haikuwezekana, mama ni Msabato. Nilimwambia mume wangu neno kwa neno. Akasema sawa.

Jumamosi hiyo nikaenda Keroka kununua karai. Kurudi, namkuta mume wangu amesimama mlangoni pa nyumba mpya anatoa jasho na kucheka. Yeye ni dereva wa lori, na lori lilikuwa limerudi tupu.

"Njoo uone," akasema. "Nimekupunguzia kazi."

Kitanda chetu kilikuwa chumba cha ndani. Alikuwa ametandika mpaka shuka la maua.

"Nilikwambia nini?" nikamuuliza.

"Si ni mpaka tukilalie? Hatujakilalia."

Mwanamume aliyezaliwa na kukulia Gesima, anayejua chinsoni kuliko mimi, ambaye hata baba yake mwenyewe humsalimia kutoka nje ya mlango. Nilimtuma mtoto akaangalie kuku wa jirani. Niliyoyasema hapo siyaandiki. Nilichukua spana, nikakifungua kitanda peke yangu, nikatupa mbao nje, shuka na yote. Mume wangu alisimama pembeni akiniambia taratibu, utaumia. Niliumia. Kidole hiki bado kimepinda.

Jumapili mama alifika na ndoo ya udongo kichwani, ameifunika kwa jani la mgomba. Aliziona zile mbao zimeegemea ukuta kabla hata hajanisalimia.

"Hicho kitanda kimetoka wapi?"

Nilitaka kudanganya. Nimewahi kumdanganya mama kuhusu jambo kubwa kuliko kitanda, na lilionekana tumboni. Kabla sijapata la kusema, msichana wangu alijibu: "Kimetoka ndani, nyanya. Mama alikitupa."

Mama alicheka. Kisha akashusha ndoo palepale nje ya kizingiti, na nikajua.

"Mama, hakijalaliwa."

"Kimeingia."

"Nimekitoa."

"Mwanangu, hamu yangu ya kuingia inashinda yako. Sasa niingie niangalie wapi, na najua kilipokuwa?" Alinikunjia mikono ya sweta kama mtoto. "Chukua udongo. Ingia wewe, mimi nitasema."

Basi nikapiga magoti ndani, mama nje. "Usisukume kama unafua. Vuta. Vuta, wewe, unakimbilia wapi?" Nusu duara zangu zilikuwa zimepinda kama zimechorwa na mlevi, na yeye akaniambia hivyohivyo. Nilikandika kutoka ukuta wa mbali nikirudi nyuma mpaka karibu na mlango, nikatoka nje. Hapo mama akatandika gunia, akapiga magoti, akageuza uso upande wa majani chai asione ndani, akaingiza mkono.

Alikandika bila kuangalia. Bega lilikuwa limebanwa kwenye fremu ya mlango, vidole vikitafuta udongo wangu vikiunganisha na wake. Nusu duara zilitoka sawasawa, safu kwa safu, mpaka mkono ulipoishia. Akautoa, akaupangusa kwa majani. Chai alikunywa akiwa amesimama, mbali na zile mbao.

Tulihamia Jumanne. Nilipika ugali wa wimbi kwenye jiko langu mwenyewe na hakuna aliyeuliza kama umeiva. Nilikaa nikisikiliza kama kuna atakayeuliza.

Sasa magoti ya mama yamekataa mteremko wetu. Nikikandika upya naruka pale mlangoni, na pameanza kupasuka. Mtoto amezoea kuruka hapo akipita.

"Kwa hivyo nimwage simiti niache shimo mlangoni?" mume wangu ameniuliza leo. "Wageni wajikwae?"

"Wajikwae."

Ameleta ubao wa kuzuia simiti, akauliza auweke wapi. Nimepiga magoti nje, bega kwenye fremu, nikaingiza mkono nimwonyeshe safu ya mwisho ya mama. Wangu haukufika. Ilibidi nimwambie, bado kidogo, sogeza mbele, bado.