Nilikataa Kunyolewa Msiba wa Baba kwa Sababu ya Nywele za Kupandikiza

Msinionee huruma hata kidogo. Nilichofanya ni uchafu, na nausema mwenyewe kabla hajausema mtu mwingine.

Mimi ni mshereheshaji wa harusi hapa Same. Nina miaka arobaini na kitu, kifungua mimba kwa wazazi wangu, na kipara nimekirithi kwa baba. Baba alikipenda kipara chake, Jumapili anakipaka mafuta ya mgando ndipo anakwenda kanisani. Mimi nilikichukia! Video za harusi zikirushwa mtandaoni, hakuna anayesifia maneno yangu, ni "MC, zima taa hiyo!" Kila ukumbi mzaha ule ule. Nikachoka.

Siku moja nikaona tangazo kwenye simu: nywele za kupandikiza, zako mwenyewe, zinatolewa kisogoni zinapandwa mbele. Nikafunga safari ya Dar. Sikuuliza mtu, sikuaga mtu.

Jamani, hiyo wanayoiita kliniki! Chumba kimoja juu ya duka la simu, ndoo ya taka imejaa pamba zenye damu ya mtu aliyenitangulia. Pale pale mwenye akili angegeuka. Mimi nikakaa! Aliyejiita daktari akanichoma ganzi, akaondoka zake. Kazi akaifanya binti mmoja anayetafuna bigijii, na kwa kinywa chake mwenyewe alinisimulia kwamba zamani alikuwa anabandika kope saluni. Hakuna aliyeniuliza kama nina ugonjwa wowote. Nina kisukari, na nikanyamaza, maana niliogopa wasije wakanikataa.

Nilirudi Same uso umevimba, macho hayafunguki. Nikajifungia ndani. Nikiinama nasikia harufu ya damu yangu, lakini nikisogea kwenye kioo naona vijinywele vimesimama juu ya paji, nacheka peke yangu kama mwehu.

Wiki haijaisha, mdogo wangu akanipigia simu kutoka kwetu Suji. Baba amefariki.

Nilipanda mlimani na kofia kichwani. Kaburini baba mdogo akaninong'oneza, "Vua kofia, baba yako anashushwa." Sikuvua. Akanikazia macho, na hapo ndipo uongo ukanitoka.

"Baba mdogo, nina uvimbe kichwani. Nimepasuliwa juzi tu."

Mama alisikia. Alikuwa anamlilia mumewe, akaanza kunililia na mimi.

Kwa ukoo wetu, baada ya mazishi watoto wote wa marehemu wananyolewa. Mpaka wanyolewe wote ndipo msiba unafungwa, na mjane hashiki jembe kabla msiba haujafungwa. Hilo nalijua tangu utoto, siwezi kusingizia. Siku ya kunyoa shangazi akaja na beseni la maji na wembe. Wadogo zangu wakakaa mmoja mmoja, hata dada zangu na nywele zao walizozitunza miaka. Ikafika zamu yangu.

"Daktari amekataza," nikasema.

"Basi tutamsubiri apone," akasema baba mdogo. "Msiba haufungwi nusu."

Watu wakanitazama kwa huruma. Na mimi moyoni nilishukuru! Baba yangu yuko ardhini, udongo wa kaburi haujakauka, mwanawe mkubwa anashukuru nywele zake zimesalimika. Ptuu!

Mvua za vuli zikaanza. Suji nzima iko shambani inapanda maharage, mama yangu yuko ndani kwenye mkeka. Mimi nimesharudi Same, nikampigia simu nikamwambia alime tu, mambo ya mila yamepitwa na wakati.

"Mwanangu, wewe unaumwa kichwa, mimi nikashike jembe?" akaniambia. "Wewe pona tu. Leo jumuiya nzima ya kanisani tumefunga kwa ajili yako."

Wazee wa watu wameshinda na njaa wakiombea uvimbe usiokuwepo! Nami nikajibu, "Amina, mama." Nikakata simu, nikaenda kusherehesha harusi.

Na nywele zenyewe? Zikaanza kudondoka. Naamka nazikuta kwenye mto. Yule daktari wangu akasema kwenye simu kwamba ni kawaida, zilizopandwa hudondoka kwanza halafu huota upya baada ya miezi. Nimekuja kuhakikisha, hilo ni kweli. Mbona hakuniambia kabla ya kunichoma sindano?

Ila usaha si kawaida. Kichwa kikaanza kutoa maji ya njano, yanagandia kwenye kofia, nikiivua inakuja na ngozi. Harufu yake, loh! Nilikuwa najikimbia mwenyewe. Harusi moja inzi walinifuata mpaka mbele ya maharusi, bibi harusi akaziba pua kwa shela lake. Nilikabidhi kipaza sauti, nikatokea mlango wa jikoni.

Homa iliponizidi ndipo nikaenda hospitali. Nesi akachukua wembe akaninyoa kichwa kizima ili aoshe vidonda. Kwisha! Kichwa nilichomnyima baba yangu nikakitoa kwa ajili ya usaha, mbele ya watu nisiowajua.

"Huyo aliyekupandikiza ulimwambia kwamba una sukari?" daktari akaniuliza.

"Hakuniuliza."

"Na wewe ulikuwa bubu?"

Nilipopata nafuu nikapanda Suji na bandeji kichwani, nikasema yote mbele ya mama, baba mdogo na shangazi. Mama aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo huna uvimbe?"

"Sina, mama."

"Asante, Mungu wangu!" Akapiga magoti pale pale, machozi yanamtiririka. Heri angenizaba kofi.

Nikamwambia shangazi aninyoe hata hivyo vijinywele vilivyoanza kuota tena. Akanifungua bandeji, akayatazama makovu, akakunja uso kama aliyekanyaga mzoga. Akauviringisha wembe wake kwenye kitambaa.

"Mimi nanyoa wafiwa," akasema.

Baba mdogo akasimama, hakunitazama. "Msiba umefungwa. Watoto wa marehemu wameshanyolewa wote."

Mama akatoka na jembe siku ile ile. Mvua zilikuwa zimeshakatika.

Wewe unayetamani nywele, sikukatazi. Wapo waliofanyiwa na madaktari wa kweli wakapona vizuri. Lakini uliza ni mkono wa nani hasa utakaoshika kichwa chako, usione haya. Taja magonjwa yako yote hata usipoulizwa. Ujue zitadondoka kabla ya kuota, na ujue zikishatolewa kisogoni, kisogoni hazirudi. Na siku nywele hizo zikikutaka umdanganye mama yako, tafuta wembe siku hiyo hiyo.